Dang Shuanlao, Msoma Udongo wa Chang'an (1938–2019)

Wazee wa ukoo wa Dang, majirani zetu wa zamani wa Dangjiakou, Mwalimu Yan na wenzako wa kikosi cha uchimbaji, asanteni kwa kuja kumsindikiza baba mkubwa. Karatasi mlizoshika mkononi zimechapwa mara mbili. Zile za kwanza nilizichana Jumanne, kwa sababu zilikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba marehemu aliacha kazi mwaka 1993 kwa ajili ya macho. Nilimpelekea dada Xilian, binti yake wa pekee, azisome kabla hazijasambazwa. Alisoma, akairudisha karatasi mezani, akaendelea kukata tambi.

"Umeandika macho," aliniambia. "Baba alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani mpaka wiki aliyolazwa. Macho gani hayo, Baoping?"

Nilimweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu yeyote, hata mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama. Kisha akasema, "Mimi usiniambie. Kawaambie waliokuwa wanamcheka." Ndiyo maana leo nasoma hii ya pili. Jina la baba mkubwa lilichafuliwa nikiwa natazama, na mpaka asubuhi hii halijasafishwa. Nikimaliza kusoma bila kulisafisha, atateremshwa nalo shimoni hivyo hivyo.

Marehemu Dang Shuanlao alizaliwa tarehe 17 Machi 1938 kijijini Dangjiakou, ndani ya ukuta wa mji wa kale wa Chang'an, akiwa mtoto wa tatu wa Dang Wanyou. Wawili waliomtangulia walifariki kabla ya kuota meno, kwa hiyo huyu alipewa jina la Shuanlao, yaani aliyefungwa kamba ikakaza, ili naye asiponyoke. Kamba ile ilishika miaka themanini na moja. Nyumba yao iliegemea ukuta wenyewe, ule wa udongo wa kushindiliwa uliojengwa kwa amri ya mfalme mkuu wa Han miaka elfu mbili na mia mbili iliyopita, na babu yetu aliukata kidogo kidogo kila mwaka akamwaga shambani kama mbolea. Hakuwa peke yake, kila nyumba ilifanya hivyo. Tulifulia nguo juu ya matofali ya ikulu, tukanoa visu kwa vigae vya ikulu, na nguruwe wetu alilia chakula chake kwenye jiwe ambalo huenda lilibeba nguzo ya waziri. Sisi wa Dangjiakou tulizaliwa juu ya paa za watu wengine, na mtu akizaliwa juu ya paa haoni ajabu yoyote.

Alisoma miaka minne tu, kuanzia 1946 hadi 1950, katika shule iliyokuwa kwenye jumba la ukoo. Herufi zake nyingi hakuzipata kwa mwalimu. Alizipata kwenye vigae vya mviringo vilivyokuwa vikifunika ncha za paa za ikulu, ambavyo watoto waliviokota mitaroni baada ya mvua kubwa. "Furaha ndefu isiyokwisha" ndiyo maneno ya kwanza aliyoweza kuandika, tena kwa mwandiko wa enzi za Han, wenye mikia na mizunguko. Jambo hili lilimletea kituko mwaka 1962, alipomwandikia barua ya kwanza mzee wa nyumba ya Qu, ng'ambo ya mto Wei, akiomba ruhusa ya kumposa binti yake. Mzee aliigeuza barua juu chini, akaamini ni hirizi, akaibandika kwenye mlango wa zizi. Mshenga alipokwenda mwezi uliofuata kuulizia jibu, aliambiwa, "Mpeni kijana shukrani zangu, ng'ombe wote wazima."

Tuirudie kazi yake, maana ndiyo iliyotukutanisha hapa na ndiyo niliyoivunja mimi. Katika vuli ya mwaka 1957 kikosi cha wanaakiolojia kilikuja kutafuta malango ya mji wa kale, na Shuanlao, kijana wa miaka kumi na tisa, aliajiriwa kubeba udongo. Baada ya miaka miwili alikabidhiwa koleo la Luoyang. Walio hapa wanalijua: mti mrefu wenye chuma cha kujikunja mwishoni, mfano wa bomba lililopasuliwa kati. Unalichoma ardhini, unalizungusha, unalivuta, na linapanda na kipande cha udongo cha urefu wa kiganja. Unakilaza kwenye nyasi, unachoma tena, unalaza kingine mbele ya kile cha kwanza, mpaka shimo lote limelala juu ya nyasi kwa mpangilio, na unaweza kulisoma kuanzia leo hadi zama za kale.

Hakuna aliyesoma kama yeye. Aliuvunja udongo kwa vidole, akaunusa, na akiwa na mashaka aliuweka kwenye ulimi. Udongo mbichi ni ule ambao haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu tangu upepo ulipouleta. Ulioiva ni ule ambao mtu aliulima, aliuchimba, alipika juu yake au alifia humo. Wa kushindiliwa unajikata kwa tabaka jembamba, gumu, na hapo ujue pana ukuta au sakafu ya mkubwa fulani. Aliviona hivi vyote katika kipande kisichozidi kidole gumba. Mwalimu Yan aliwahi kuniambia kwamba ramani ya barabara za Chang'an, ile inayotundikwa madarasani, theluthi yake ilitoka kwenye ulimi wa baba mkubwa.

Barabara kuu za mji ule zilikuwa na njia tatu, na ya katikati ilikuwa ya mfalme mkuu peke yake. Baba mkubwa alijua zilipopita chini ya mashamba yetu ya ngano. Nikiwa mtoto, tukitoka kupalilia, alinikamata sikio kila nilipokanyaga pale katikati. "Pembeni, bwana mdogo," aliniambia, "unataka tukatwe vichwa ukoo mzima?" Nami nilihamia pembeni, nikatembea kwa adabu kati ya mistari ya ngano. Siku moja mama mkubwa alipita njia ya mfalme akiswaga nguruwe jike. Baba mkubwa alivua kofia, akainama mpaka kiunoni, na mama mkubwa akamwambia apishe njia kabla hajachapwa yeye badala ya nguruwe.

Mama mkubwa huyo ndiye Qu Guizhen, binti wa yule mzee wa hirizi, aliyefunga ndoa naye tarehe 20 Januari 1963. Walijaliwa mtoto mmoja, Xilian, mwaka 1964. Mwaka 1970 baba yangu mzazi, mdogo wake marehemu, alikuwa akikata udongo wa kufyatulia matofali kwenye ukuta wa kale, ukuta ukamwangukia. Mimi nilikuwa na miaka minne. Mama yangu aliolewa kwingine mwaka uliofuata, na baba mkubwa akanibeba mgongoni kutoka ua mmoja hadi ua wa pili, akanilaza pamoja na Xilian kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini. Sikuwahi kula baada ya Xilian wala kuvaa viraka zaidi yake. Nayasema haya ili mjue nilichokuwa nimepewa kabla ya kulipa nilivyolipa.

Sasa naomba mnivumilie. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka kijiji chetu kilivyokuwa miaka ya tisini. Nje ya ukuta wa kale kila mtu alikuwa akijenga ghorofa. Ndani ya ukuta sheria ilikataza kuchimba msingi mrefu bila kikosi kupima kwanza, na ukipima ndani ya Chang'an unapata nini kama si Chang'an? Kwa hiyo tulibaki na vijumba vyetu vya chini, na wasichana wa vijiji vya nje walikataa kuolewa kwetu. Walituita kijiji cha makapera. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimempenda Caixia, na wazazi wake walisema waziwazi kwamba binti yao hawezi kupanda kitandani mahali ambapo hawezi kupanda ngazi.

Tarehe 11 Aprili 1993 baba mkubwa alikuja kupima kiwanja changu. Sheria ilitaka mashimo matano, manne ya pembe na moja la kati. Mashimo mawili ya kwanza yalikuwa safi, mbichi mpaka chini. La tatu, upande wa kaskazini mashariki, lilipofika mita mbili lilitoa tabaka la kushindiliwa, na chini yake kipande cha udongo wa kuchoma, cha kijivu, kilichopinda. Hata mimi nisiye fundi nilikiona. Baba mkubwa alikiweka kiganjani akakitazama kwa muda mrefu. Aliniambia kwa upole kwamba hapo pana mfereji wa maji ya ikulu, kwamba yeye na wenzake wameutafuta miaka sita, na kwamba sitajenga.

Nilipiga magoti kwenye matope, nikamshika miguu. Nilimwambia maneno ambayo leo ulimi wangu unaona haya kuyarudia, lakini nitayarudia, maana Xilian yuko hapa na ananitazama.

"Watu waliokufa zamani wana mfereji," nilimwambia. "Mimi niliye hai nina nini? Baba yangu aliuawa na huu mji wako. Angekuwepo yeye, asingenifanyia hivi."

Baba mkubwa aliitoa miguu yake mikononi mwangu. Kisha aliketi kwenye jiwe, akatoa fomu mfukoni, akaandika mbele ya shimo la tatu: udongo mbichi. Akakusanya vile vipande alivyovilaza kwenye nyasi, akavirudisha shimoni kimoja kimoja, wala hakutaka nimsaidie.

Mashine ilichimba msingi kwa siku tatu. Siku ya pili ilitokeza mfereji. Ulikuwa wa mabomba ya udongo wa kuchoma yenye pande tano, yamepangwa mawili chini na moja juu, hayana ufa, na ndani yake mlikuwa bado na mchanga laini uliosombwa na maji ya mwisho kupita. Mafundi walisimama wakanitazama. Ningeweza kusema simameni. Niliwaambia wavunje haraka kabla watu hawajatoka shambani, vipande vidogo vikachanganywa na zege, na vikubwa nikavitupa mwenyewe bondeni kwa toroli. Zaidi ya miaka elfu mbili hakuna vita wala mafuriko yaliyoweza kuyavunja, na mimi niliyavunja kati ya asubuhi na chakula cha mchana. Caixia, mke wangu, unasikia haya kwa mara ya kwanza, naomba unisamehe. Nyumba niliyokuingiza ndiyo hiyo.

Mwezi Oktoba mvua ilifagia bonde, na Mwalimu Yan, ambaye wakati huo ndiye aliyeongoza kikosi, akaokota kipande chenye mvunjiko mpya. Alikuja nacho nyumbani kwa baba mkubwa, akakiweka mezani kati ya mabakuli. Tulikuwa tunakula. Mwalimu, yaliyosemwa siku ile unayakumbuka kuliko mimi, utanisahihisha nikikosea.

"Mzee Shuanlao, hiki kimetoka wapi?"

"Chini ya nyumba ya Baoping."

"Uliandika udongo mbichi."

"Niliandika."

"Ulikosea au ulipewa chochote?"

Baba mkubwa alikuwa ameketi karibu nami kiasi kwamba viwiko vyetu vilikuwa vikigusana. Hakunigeukia hata kidogo. "Nilikosea," alisema.

"Wewe hukosei."

"Basi andika nilichokwambia."

Mwalimu Yan alingoja. Alinitazama na mimi, nina hakika alinitazama. Tambi zilikuwa mdomoni mwangu, nami niliendelea kutafuna, nikajitia sijui kinachozungumzwa. Ndugu zangu, mtu akiniuliza leo aibu ina ladha gani, nitamwambia ina ladha ya siki na pilipili, maana ndivyo tambi zile zilivyoungwa.

Baba mkubwa alirudisha koleo la kikosi kesho yake. Kitabu cha ripoti kilipotoka, majina ya wapimaji wote yalikuwemo isipokuwa lake. Kijijini watu hawakuridhika na neno kukosea, wakasema alihongwa pombe na sigara, na wengine walizitaja hata aina za sigara. Miaka thelathini na sita ya kazi ikageuka kuwa hadithi ya katoni mbili. Wakambatiza jina la Mzee Mbichi. Watoto walimwita hivyo mbele ya wazazi wao, na wazazi hawakuwakanya.

Mwaka 1996 tulifanya sherehe ya mwanangu kutimiza mwezi mmoja, katika nyumba ileile, ghorofa ya juu. Maandazi ya mvuke yalipoletwa, jirani yetu mmoja, ambaye ametangulia mbele ya marehemu na sitamtaja, alipaza sauti: "Mpeni Mzee Mbichi aonje kwanza, atuambie kama yameiva." Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilikuwa mwenye nyumba, nimembeba mtoto, sikutaka kuharibu furaha ya wageni, na nilicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Baba mkubwa alimega andazi, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu. "Yameiva," alisema, akaomba apitishiwe siki.

Waswahili wa nchi nilizofanyia kazi ya ujenzi baadaye walinifundisha msemo, kikulacho ki nguoni mwako. Nilipousikia mara ya kwanza niliinamisha kichwa, wakadhani sijaelewa.

Mwaka 2008 mama mkubwa Guizhen alifariki, na mwaka 2012 kijiji chote kilihamishwa ili mji wa kale upate kupumua. Baba mkubwa alipewa chumba ghorofa ya kumi na moja. Siku ya kwanza aliuliza jengo limesimama juu ya udongo gani, na kijana wa ofisi akamjibu kwamba limesimama juu ya zege, naye baba mkubwa akacheka peke yake mpaka akakohoa. Nyumba yangu ilibomolewa pamoja na nyingine, wachimbaji wakapata mfereji wakaufuata kutoka ikulu. Ulikuja vizuri mpaka ukingo wa msingi wangu, ukatoweka, ukatokea tena upande wa pili. Kwenye ubao wa ramani uliosimamishwa pale, mfereji umechorwa kwa mstari wa buluu, na katikati kuna nukta nukta za urefu wa mita kumi na moja. Chini yake pameandikwa kwamba sehemu hiyo imeharibiwa katika nyakati za sasa.

Kila majira ya kuchipua aliniomba nimpeleke pale kwa gari. Alisimama mbele ya ubao mikono nyuma, halafu akatembea kufuata mfereji mpaka zilipoanza zile nukta, akakaa hapo hapo. Mwaka 2014 nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia nitakwenda kwa Mwalimu Yan nimweleze yote.

"Utamweleza nini?" aliniuliza. "Kwamba ulipiga magoti? Watu hupiga magoti kila siku. Kalamu niliishika mimi."

"Lakini wanakuita mwongo."

"Niliandika uongo. Waniite nani?" Akajipangusa vumbi magotini. "Una mtoto shuleni, Baoping. Yaache."

Niliyaacha. Na nitasema jambo baya kuliko yote niliyoyasoma hapa: nilifurahi. Nilimrudisha nyumbani siku ile nikiendesha gari moyo ukiwa mwepesi, nikamnunulia supu ya kondoo na mkate, nikadhani nimesamehewa. Kumbe nilikuwa nimeombewa tu nafasi ya kuendelea kujificha, na nikaitumia miaka mitano mingine.

Maradhi ya mapafu yalimwanza mwaka 2017. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, na baba mkubwa akamuuliza ni vumbi la enzi gani. Tarehe 2 Oktoba mwaka huu alilazwa, na Xilian akawa naye usiku na mchana. Hakuomba mengi. Aliomba asivalishwe viatu vya kumbana, na aliomba kaburi lake lichimbwe kwenye udongo mbichi. "Nimewasumbua waliolala chini maisha yangu yote," alimwambia binti yake. "Nitafutieni mahali pasipo na mtu." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Xilian akiwa amemshika mkono wa kulia.

Mazishi yalikuwa yawe Alhamisi. Nasikia wengi mmelalamika kwa kupangiwa Jumamosi, na wengine mmepoteza siku mbili za kazi, nawaomba radhi. Sababu ni hii. Jumatano Xilian alinipa koleo la zamani la baba yake, lile lake mwenyewe alilokuwa akilihifadhi chini ya kitanda, akaniambia, "Kapime wewe." Mzee wa kuchagua siku na mahali pa kaburi alikuwa ameshaweka kigingi chake. Nilichoma hapo kwenye kigingi. Mita ya kwanza mbichi, ya pili mbichi, na kabla ya kufika ya tatu, kukatoka chembe ya mkaa na kigae kidogo kama ukucha. Yule mzee alitazama saa. Aliniambia kigae kimoja si kitu, kwamba saa njema haingoji, na kwamba nani atajua. Nilimjibu kwamba nitajua mimi. Nikang'oa kigingi. Nilichoma mashimo mengine tisa kwa siku mbili, nikiuweka udongo mdomoni kama alivyokuwa akifanya, mikono ikitoka malengelenge, mpaka jana nilipopata mahali pale kwenye mteremko wa kaskazini. Ni pabichi mpaka mita nne. Mwalimu Yan, nilivilaza vipande vyote kwenye nyasi kwa mpangilio, na viko pale. Nakuomba ukavitazame kwa macho yako kabla hatujamteremsha, maana neno langu peke yake halitoshi.

Na ukiwa huko, Mwalimu, nakuomba na hili mbele ya watu hawa wote. Mzee huyu hakupewa sigara, hakupewa pombe, hakupewa kitu. Hakukosea. Shimo la tatu alilisoma sawasawa kama yale mengine yote, na anayewaambia haya ndiye aliyemshika miguu mpaka akaandika kinyume. Kama kuna kitabu ambacho bado hakijafungwa, mrudishieni jina lake, na kwenye ule ubao, penye nukta, andikeni langu. Nitatia sahihi mahali popote.

Marehemu ameacha binti, Dang Xilian, na mumewe He Jianmin. Wajukuu wawili, He Lu na He Yang. Na vijana saba aliowafundisha kushika koleo, ambao wote wako hapa, na ambao kwa miaka yote hii hawakumwita kwa lile jina. Mimi Dang Baoping, mwana wa mdogo wake, niliandikwa kwenye zile karatasi za kwanza kuwa nimekaa mahali pa mwana wake wa kiume, ili nivunje chungu cha majivu jeneza litakapoinuliwa. Mnajua anayevunja chungu ndiye mtoto wa nyumba. Asubuhi hii nimewaambia wazee wa ukoo kwamba sitakivunja, atakivunja Xilian. Mmoja wao aliuliza tangu lini mwanamke akavunja chungu katika ukoo wa Dang. Xilian alikuwa akifunga kitambaa chake cheupe kichwani, akamjibu bila kuacha kufunga: "Tangu Baba aliponizaa mimi peke yangu." Wazee walitazamana, wakamwachia chungu.

Kwa hiyo atakaposimama, naomba mmpishe njia. Mimi nitatembea nyuma pamoja na majirani, na yeyote atakayetaka kunicheka anicheke leo, nitamsikia.

Baba mkubwa Dang Shuanlao, apumzike sasa kwa amani ambayo mimi nilimnyima kwa miaka ishirini na sita.